Shosho Alipima kwa Kijiko, Sisi Tunapima kwa Blenda

Kila baada ya wiki chache mtandao unatuletea juisi mpya ya kusafisha mwili. Ilikuja ya tangawizi na ndimu, ikaja ya mboga mbichi za kijani, na sasa watu wameanza kuniuliza kuhusu birimbi. Swali huwa ni lile lile: ni kweli ukisaga mabirimbi na kunywa glasi moja kila asubuhi, mafuta kwa damu yanashuka? Jibu langu fupi ni usijaribu. Lakini siku hizi jibu fupi halimshawishi mtu, kwa hivyo leo nawapa lile refu, na refu lake ni historia.

Nasema historia kwa sababu hapa hakuna jambo jipya. Kuna asidi moja ndani ya matunda na mboga tunazokula, na binadamu wamekuwa wakiila tangu zamani bila kujua hata jina lake. Ila mara kwa mara, mahali tofauti tofauti duniani, asidi hiyo hiyo imelaza watu hospitalini. Ukizipanga hizo kesi moja baada ya nyingine unaona kitu cha ajabu. Chakula chenyewe hakikubadilika. Kilichobadilika kila mara ni kipimo.

Birimbi lenyewe

Kama umekulia bara na hujawahi kuliona, birimbi ni tunda dogo la kijani, umbo kama tango changa, urefu wa kidole. Huota vishada vishada moja kwa moja kwenye shina na matawi makubwa ya mti. Ukiliuma bichi, uso unajikunja wenyewe. Watu wa Pwani hulitia kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu au ukwaju, na wengine hulikatia kwenye kachumbari. Lakini kazi yake kubwa ni achari: linatiwa chumvi, linaanikwa juani, linachanganywa na pilipili, kisha linakaa chupani miezi likisubiri wali. Tanzania wengi huliita mbilimbi.

Nikisema achari, msee wa Nairobi anaweza kufikiria zile embe kavu nyekundu za pilipili tunazonunua kwa vipakiti. Hizo pia ni achari, na ni ndugu za hii ya chupani. Hata jamu ya kupaka kwa mkate ni ukoo huo huo. Zote ni tunda lililofanyiwa ujanja ili lisioze: huku chumvi na jua, kule sukari na moto.

Mti wa mbirimbi asili yake si Afrika. Unatoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, pande za Indonesia, na ukaenea katika nchi za Bahari ya Hindi. Mwaka 1793 ulifika pia Jamaika ukitokea kisiwa cha Timor. Hiyo ndiyo safari ambayo nahodha Mwingereza William Bligh alipeleka mashelisheli huko Karibi, ili matajiri wa mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wao. Shikilia hapo kwa miwa, tutairudia.

Jina lake la kisayansi ni Averrhoa bilimbi. Alilipa Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na hilo neno la kwanza ni heshima kwa Ibn Rushd, yule daktari na mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba aliyezaliwa 1126, ambaye Wazungu walimwita Averroes. Manze, tunda la achari lina jina la mmoja wa madaktari wakubwa katika historia! Lakini kuitwa kwa jina la daktari hakujalifanya kuwa dawa.

Asidi iliyojificha

Uchachu wa birimbi unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya oksaliki. Chumvi zake ndizo zinaitwa oksaleti. Neno limetoka kwa Oxalis, ule mmea mdogo ambao labda umeshauona shambani: gugu lenye vijani vitatu vya umbo la moyo, na watoto huvitafuna kwa sababu ni vichachu.

Mwaka 1776 wanakemia wa Sweden, akiwemo mfamasia Carl Wilhelm Scheele, waliipata asidi hii kwa kuitia sukari katika asidi ya nitriki. Miaka michache baadaye Scheele akaonyesha kwamba asidi ile ya sukari na ile inayopatikana kwenye mimea michachu ni kitu kimoja. Mwaka 1824 Mjerumani Friedrich Wöhler akaitengeneza maabara bila kutumia mmea wowote. Leo inauzwa viwandani kwa kuondoa kutu na kung'arisha mbao. Ndiyo maana juisi ya birimbi inatoa madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe na kung'arisha shaba nyeusi. Kusafisha inasafisha kweli, lakini figo zako si sufuria ya shaba.

Kwa nini figo? Oksaleti na kalisi zinapendana sana. Zikikutana zinashikana na kuwa vipande vidogo vigumu visivyoyeyuka kwa maji. Mwaka 1797 William Hyde Wollaston, daktari na mwanakemia wa London, alichunguza mawe yaliyotolewa kwenye vibofu vya wagonjwa. Aina moja ilikuwa na uso wenye vinundu vinundu kama tunda la forosadi, na akaonyesha kwamba jiwe hilo limetengenezwa kwa kalisi na oksaleti. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mawe mengi ya figo yanayowatesa watu ni ya jamii hiyo hiyo.

Hebu tusitishane lakini. Oksaleti iko kila mahali. Iko kwenye terere, iko kwenye ile mboga tunaiita spinachi sokoni, iko kwenye njugu, kwenye chokoleti na kwenye majani ya chai. Mwili wako wenyewe unaitengeneza kidogo kila siku, hata vitamini C ikivunjika hugeuka oksaleti. Mtu wa kawaida anakula kiasi, figo zinaitoa kwenye mkojo, maisha yanaendelea. Embe, nanasi na matunda mengi tunayoyapenda yana kidogo tu. Sukuma wiki pia ina kidogo, kwa hivyo wapenzi wa sukuma mko salama.

Birimbi ni habari nyingine. Wanakemia waliolipima wamekuta karibu gramu 1 ya asidi hii katika kila gramu 100 za tunda, na wakati mwingine zaidi. Mtu mwenye tatizo la mawe ya figo kwa kawaida huambiwa ajaribu kukaa chini ya miligramu 100 kwa siku. Piga hesabu. Kiganja kimoja cha mabirimbi kinabeba mara 10 ya hicho kiwango.

Basi imekuwaje watu wa Pwani wamekula achari ya birimbi vizazi kwa vizazi bila kujaa kwenye wadi za figo? Jibu ni kijiko.

Enzi ya kijiko

Zamani sukari yenyewe ilikuwa dawa. Maji ya matunda yaliyochemshwa na sukari yalikuwa kazi ya madaktari na wauza dawa wa Uajemi na nchi za Kiarabu, na tuliachiwa neno sharubati kama kumbukumbu. Ulaya ilijifunza kutoka kwao. Huko pia, matunda ya sukari yaliuzwa na watu wa dawa, kwa bei ya dawa, ukila kidogo baada ya chakula ili tumbo litulie. Hata Nostradamus, yule Mfaransa watu humjua kwa utabiri, alikuwa mtu wa dawa, na mwaka 1555 kilitoka kitabu chake kuhusu vipodozi na jinsi ya kutengeneza jamu.

Kitu cha bei ya dawa hukili kwa bakuli. Unakigusa kwa ncha ya kijiko.

Achari ilijiwekea mpaka wake kwa njia nyingine. Ni chachu, ni ya chumvi, ina pilipili. Hakuna mtu anayeweza kukaa na kumaliza chupa nzima ya achari ya birimbi akiwa na akili timamu. Unaweka kipande pembeni mwa sahani, unakimega na wali, basi. Tuseme kipande kina gramu 5: hapo umekula miligramu kama 50 za oksaleti, tena umezila pamoja na chakula kingine. Na kama mpishi alilitia tunda chumvi na kuyamwaga maji yaliyotoka, sehemu ya asidi ilishamwagika nayo.

Hapa niseme kidogo kuhusu kinachotokea ndani ya chupa, kwa sababu watu wengi hudhani moto unaua kila kitu kibaya. Moto hauivunji oksaleti kwenye sufuria ya nyumbani. Kinachovunjika kwa moto ni vitamini C, ile ambayo wengi hudhani bado wanaipata kwenye jamu. Ukichemsha mboga ukamwaga maji, oksaleti nyingi huondoka na yale maji. Lakini jamu haimwagwi maji. Kila kilichokuwa kwenye tunda kinabaki kwenye sufuria, isipokuwa ile vitamini. Kinachoisaidia jamu ni kwamba sukari inaongeza uzito, kwa hivyo kijiko kimoja cha jamu kina tunda kidogo kuliko kijiko cha tunda lenyewe.

Sasa hiyo sukari nayo. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka jamu ya kawaida iwe na angalau asilimia 60 ya vitu vilivyoyeyuka, na sehemu kubwa ya hivyo ni sukari. Gramu 20 za jamu kwenye mkate zinakupa gramu 12 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongezwa ikae kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Vipande viwili vya mkate vilivyopakwa vizuri, na umekaribia kumaliza. Hapo bado hujatia sukari kwa chai.

Na jamu ilitokaje kwa bei ya dawa ikawa chakula cha kila mtu? Kwa ile miwa ya Karibi. Mashamba yaliyolimwa na watu waliotekwa Afrika yalishusha bei ya sukari mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1874 Uingereza ikafuta kabisa ushuru wa sukari. Viwanda vya jamu vikafunguliwa, na mkate na jamu ukawa mlo wa familia za wafanyakazi wa viwandani, wakati mwingine mlo wenyewe mzima. Kijiko kikawa bakuli. Meno na miili ya maskini wa Uingereza ndiyo iliyolipa, na baadaye desturi hiyo ikasafiri na ukoloni mpaka kwenye meza zetu za chai.

Majani ya vita

Kesi ya kwanza ya oksaleti ninayotaka muijue ilitokea huko huko Uingereza, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna mmea wa nchi za baridi unaitwa rubabi. Una vishina vinene vyekundu, vichachu, ambavyo Waingereza huvipika na sukari na kuvitengenezea jamu. Una pia majani mapana kama sinia. Vishina vina oksaleti ya kutosha, lakini watu walikuwa wakivila kwa sukari na kwa kiasi. Majani hawakuwa wanakula.

Vita vikaja, nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli za chakula, na njaa ikaanza kunusa mlangoni. Watu wakashauriwa wasitupe kitu. Na ushauri mmoja ukawa huo: yale majani ya rubabi yapikeni kama mboga. Waliofuata wakaugua, na kuna waliokufa. Ushauri ukaondolewa.

Wanasayansi bado wanajadili kama oksaleti peke yake ndiyo iliyoua au kulikuwa na sumu nyingine ndani ya yale majani. Lakini ona njia iliyopitiwa. Mmea ulikuwa unajulikana, na desturi ilishaamua sehemu gani inaliwa na sehemu gani inatupwa. Kisha akaja mtu mwenye nia njema na sauti kubwa, akasema jikoni mmekuwa mkitupa kitu kizuri. Si ndivyo hizi video zote huanza?

Glasi ya Kerala

Ruka sasa mpaka India, jimbo la Kerala, pwani inayotazamana na yetu ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Huko birimbi linaitwa irumban puli, na wanalitumia kama sisi: kwenye mchuzi wa samaki na kwenye achari. Wamelila hivyo miaka mingi.

Halafu ikaenea habari kwamba juisi yake inashusha kolesteroli. Watu wakaanza kulikamua. Hawakuweka kipande pembeni mwa sahani, walikunywa juisi nzito, siku baada ya siku, kama dawa. Mwaka 2013 madaktari wa figo wa huko waliandika katika jarida la kitaalamu kuhusu wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Walipochukua vipande vidogo vya figo na kuvitazama kwa hadubini, wakakuta vijiwe vya kalisi na oksaleti vimeziba vijifereji ndani ya figo. Wagonjwa 7 kati ya hao 10 walihitaji dayalisisi.

Soma hiyo tena polepole. Hawa hawakuwa wageni waliookota tunda wasilolijua porini. Walikuwa watu wa nyumbani, kwenye nchi ambayo kila mpishi analijua birimbi. Kujua tunda kama kiungo cha mchuzi hakukuwalinda walipoligeuza kuwa dawa. Tena wengi wa wanaokunywa juisi kwa sababu ya kolesteroli ni watu wazima wenye kisukari au presha, yaani wale wale ambao huenda figo zao zimeshaanza kuchoka.

Kama una mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa figo, ongeza na hii: kuna ndugu wa birimbi, tunda la njano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota. Lina oksaleti, na juu yake lina sumu nyingine ya mishipa ya fahamu ambayo watafiti wa Brazil waliitambua na kuitangaza mwaka 2013. Figo nzima huitoa. Figo mbovu haiwezi, na mgonjwa anaweza kupata kwikwi zisizoisha, kuchanganyikiwa, degedege, hata kufa. Kwa huyo hata kidogo ni kingi.

Na chai je?

Kuna kesi mbili za Marekani ninazopenda kuwatajia wanaodhani haya ni mambo ya matunda ya ajabu tu. Mwaka 2015 madaktari wa Arkansas walieleza habari za mwanaume wa miaka 56 ambaye figo zake zilikufa. Walitafuta sababu mpaka wakachoka, kisha wakamuuliza anakunywa nini. Chai baridi ya rangi, akasema, glasi 16 kwa siku. Na mwaka 2018 iliandikwa kesi ya mwanamke wa miaka 65 aliyefuata mpango wa kusafisha mwili kwa mboga za kijani zilizosagwa. Alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na alikuwa ametoka kumeza antibiotiki, vitu viwili vinavyoufanya mwili uchukue oksaleti zaidi. Figo zake hazikurudi.

Chai na mboga, watu wangu. Vitu viwili vya kila siku.

Sasa mbona sisi Wakenya, na chai yetu hii kutoka asubuhi hadi usiku, hatuanguki? Kwanza, hakuna anayekunywa glasi 16. Lakini pia tazama kilicho ndani ya kikombe: maziwa. Kumbuka oksaleti na kalisi zinapendana. Zikikutana tumboni badala ya kukutana kwenye figo, zinashikana huko huko na kutoka na choo. Hazifiki kwenye damu. Ndiyo kazi inayofanyika pia mtu anapotia maziwa kwenye mboga za kienyeji, kama wanavyofanya jamii nyingi za magharibi mwa Kenya na managu na terere. Sidai kwamba shosho alijua kemia ya Wollaston. Alitia maziwa ili uchungu upungue na mboga iwe laini. Lakini ilimfaa.

Cha kuchekesha ni kwamba madaktari wenyewe walichelewa hapa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa mawe ya figo aliambiwa aache maziwa, kwa sababu jiwe lina kalisi. Inaleta maana, si ndio? Mwaka 1993 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 45,000, na waliokula kalisi nyingi kwenye chakula ndio waliopata mawe machache. Mwaka 2002 watafiti wa Italia wakagawa wanaume 120 wenye historia ya mawe katika makundi mawili. Kundi moja likapunguziwa maziwa kama zamani. Jingine likala kalisi ya kawaida lakini likapunguza chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, lililopunguza chumvi na nyama ndilo lililopata mawe machache.

Chumvi! Hapo ndipo achari inarudi mezani. Chumvi nyingi hufanya figo zitoe kalisi nyingi kwenye mkojo, na hiyo ni nusu ya jiwe tayari. Kwa hivyo mtu anayekula achari kwa bakuli anajitafutia shida mbili kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai. Na wewe unayeishi kwenye joto la Mombasa, Malindi au Garissa na maji hunywi mpaka kiu ikukabe, jiwe lako linapata mkojo mzito wa kujijengea.

Msimamo wangu

Naona kambi mbili mtandaoni na zote zinanichosha. Ya kwanza inasema kitu kikiwa cha asili hakiwezi kukudhuru, saga kunywa. Ya pili imegundua neno oksaleti majuzi na sasa inatuambia terere ni sumu, spinachi ni sumu, tule nyama tu. Zinaonekana kama maadui lakini zimekosea mahali pamoja: zote zinauliza kama tunda ni zuri au ni baya, na hakuna inayouliza ni kiasi gani, limeliwa na nini, na limeliwa na nani.

Jikoni kwetu maswali hayo yalishajibiwa bila maabara. Birimbi ni kipande pembeni mwa sahani. Majani ya chai ni kijiko kwenye sufuria ya maji na maziwa. Terere inachemshwa, kisha inapikwa na kuliwa na ugali, haimiminwi mbichi kooni. Desturi haiko sawa kila mara, hata ile ya kumwaga sukari kwa chai ni desturi. Lakini chakula kinapotolewa kwenye sahani yake na kuwekwa kwenye glasi kikiitwa dawa, ile mipaka yote midogo inavunjika kwa siku moja. Uchachu uliokuzuia unafunikwa na asali. Kutafuna kulikokuchelewesha kunafanywa na mashine. Kipande kinakuwa nusu kilo, na leo inakuwa kila siku.

Kwa hivyo: achari ya birimbi kula, kipande kimoja au viwili na chakula. Jamu paka, lakini ihesabu kama sukari, usiihesabu kama tunda. Tunda lile likiwa bichi, kama embe au chungwa, lina vitamini ambayo jamu ilishapoteza. Maji kunywa. Maziwa kwa chai acha yakae. Ukiwa na ugonjwa wa figo, umewahi kupata mawe, una kisukari au umefanyiwa upasuaji wa tumbo, mambo ya juisi hizi muulize daktari kwanza, na hilo tunda la nyota liache kabisa. Kolesteroli ikiwa juu, kuna dawa zilizopimwa na kuna kliniki.

Na kama mama, mjomba au jirani ameshaanza kunywa hiyo glasi ya asubuhi, usimcheke na usimtumie matusi. Mwambie kuhusu wale watu 10 wa Kerala. Dayalisisi ni mara mbili au tatu kwa wiki, saa kadhaa ukiwa umeunganishwa na mashine, na aliyewahi kumsindikiza mtu huko anajua nauli, kazi na usingizi vinavyoliwa. Mtu akipata picha hiyo kabla ya glasi ya tano, labda ataweka blenda chini na kurudi kwa kijiko.